Taa ndogo za volti 12 jukwaani: angalia transfoma kwanza, dima baadaye

Mara ya kwanza kufunga vitaa vya volti 12 kwenye mchezo wa kuigiza nilijua nimemaliza kila kitu. Vitaa sita, vile vya kwenye jipsam, nimevichomoa kwenye maganda yake nikavitengenezea makopo ya maziwa ya bati nimeyapaka rangi nyeusi, kila kimoja na kitransfoma chake cheupe cha plastiki cha kushusha volti 230 za ukutani ziwe 12, halafu vyote nikavipeleka kwenye dima, yaani kile kifaa cha kupunguza mwanga, moja ya ukutani ya bei chee. Mazoezini poa kabisa, maana tulikuwa tunawasha full tu. Siku ya onyesho ikafika sehemu ambayo bibi anakata roho, ukumbi kimya, nikashusha dima taratibu, weee, transfoma zote sita zikaanza kuimba kama mbu na taa zikawa zinapepesa, bibi kitandani anaonekana kama yuko disko. Watu wakacheka. Mbili kati ya zile transfoma hazikuwaka tena mpaka leo.

Balbu zilikuwa nzima na dima ilikuwa nzima, tatizo ni kwamba dima ile na transfoma zile hazikuwa zinaelewana kabisa na mimi sikujua kama kuna kuelewana. Kwahiyo ukitoka hapa na kitu kimoja tu kiwe hiki, transfoma ndo inayoamua ununue dima gani, usianze na dima.

Kwanza tujue tunaongelea taa zipi. Ile balbu ya halojeni yenye kioo cha kikombe nyuma na miguu miwili myembamba kama sindano inaitwa MR16, hiyo 16 ni hesabu ya moja ya nane ya inchi, yaani inchi 2, kama milimita 50 upana. Miguu yake imeachana milimita 5.3 ndo maana kwenye boksi utaona GU5.3. Kuna mdogo wake MR11 wa milimita 35. Ukiiweka MR16 ndani ya kikopo kidogo chenye umbo la parkani, lile kopo kubwa la taa za jukwaani lenye balbu za PAR, unapata taa ambayo wenzetu wa teatro Uingereza waliipa jina la birdie, utani wa gofu huo, maana kwenye gofu ukimaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya par, yaani idadi ya mapigo iliyopangiwa shimo, wanaita birdie, na hii taa ni ndogo kuliko par. Inajificha popote, nyuma ya mtungi, chini ya kitanda, pembeni ya ngazi, mbele ya jukwaa sakafuni. Halafu kuna pinspoti, ile inayopigwa kwenye mpira wa vioo ukumbini, balbu yake ni PAR36 namba 4515, hiyo ni volti 6 wati 30 na ina kitransfoma chake mgongoni. Usije ukaichanganya, balbu ya volti 6 ukiipa 12 inawaka sekunde moja kwa raha zake halafu basi.

Na usichanganye MR16 na GU10. Kwa mbele zinafanana kama mapacha ila GU10 ina miguu minene mifupi yenye vichwa, unaizungusha ili ikae, na inakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Holda zake ni tofauti kwahiyo kwa kawaida huwezi kukosea, lakini mafundi wetu wakikosa holda wanachomelea waya kwenye miguu ya balbu, na hapo ndo nimeona MR16 inapewa 230. Inapasuka, na vioo vinaruka.

Kwanini mtu ahangaike na volti 12 wakati 230 ipo ukutani? Sababu ni uzi wa ndani ya balbu. Wati 50 kwa volti 12 ni ampea 4 na kidogo, kwahiyo uzi unatengenezwa mfupi na mnene, na uzi mfupi unakaa karibu na nukta moja katikati ya kile kikombe, ndo maana mwanga wake unatoka umekusanyika na kingo zake nzuri. Wa 230 ni mrefu na mwembamba, mwanga unatawanyika. Faida nyingine uzi mnene haupoi haraka, ukishusha taa inashuka kwa ulaini fulani ambao kwenye LED utautafuta sana.

Sasa kuchagua balbu. Watu wengi wananunua wati 50 digrii 36 kwasababu ndo imejaa madukani, ukizunguka Kariakoo maduka ya umeme utaambiwa "hiyo ndo standadi bosi". Hizo digrii ni upana wa mwanga unaotoka. Sio mbaya ila piga hesabu ya umbali. Taa ikiwa mita 3 kutoka kwa mwigizaji, digrii 36 inakupa duara la karibu mita 2, digrii 24 inakupa mita moja na robo, na digrii 12 kama sentimita 60, yaani uso na mabega basi. Kwa bibi yangu kitandani nilihitaji ya 24, nimeweka 36 ikamulika mpaka ukuta wa nyuma ambao ulikuwa ni boksi za TV zimepakwa rangi. Ukiagiza nje utakuta herufi tatu badala ya digrii: EXT ni wati 50 ya duara dogo, EXZ ni wati 50 ya kati, EXN ni wati 50 pana, BAB ni wati 20 pana, EYC ni wati 75 pana. Zikariri hizo tano zinatosha.

Wati nazo, hapa nina ubishi na watu. Mtu anaweka 50 kila mahali halafu anashusha dima mpaka robo ndo apate mwanga anaoutaka. Halojeni ukiishusha hivyo inakuwa ya njano-nyekundu kama mshumaa, kwa sini ya usiku kwenye kibanda chenye koroboi safi sana, ila ukiwa umeweka plastiki ya rangi ya bluu mbele ili upate mbalamwezi, umekwisha. Uzi uliopoa hautoi bluu karibu kabisa, kwahiyo plastiki inazuia kila kitu na unabaki na uchafu wa kijivu. Kwa bluu weka balbu ya wati 20 uiwashe juu, robo tatu kwenda mbele, badala ya 50 iliyoshushwa. Chagua wati kwanza, dima ni ya kumalizia. Na usidhani unaokoa umeme, halojeni ukiipa nusu ya volti zake mwanga unabaki kama sehemu moja ya kumi lakini umeme inaokula ni kama theluthi moja bado.

Haya, transfoma. Zipo aina mbili na kuzitofautisha huhitaji hata mita ya kupimia umeme, iweke mkononi. Kama nzito kama jiwe, hiyo ni ya chuma na shaba, koili mbili zimezungushiwa chuma, ama za mraba ama za duara kama donati. Kama nyepesi kama kiberiti na imeandikwa kitu kama 20–60W, hiyo ni ya elektroniki. Ile nzito inatoa volti 12 za taratibu za hertzi 50 kama za ukutani. Ile nyepesi inakatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndo maana inaweza kuwa ndogo vile.

Na dima nazo ni aina mbili. Umeme wa ukutani unapanda na kushuka kama wimbi, dima inapunguza kwa kukata kipande cha kila wimbi. Dima za kawaida, za ukutani za bei rahisi pamoja na dima paki nyingi za jukwaani, yale maboksi yenye dima kadhaa pamoja, zile za chaneli 4, zinakata mwanzo wa wimbi, umeme unangoja halafu unaruka juu ghafla. Aina nyingine inakata mwisho wa wimbi, umeme unaanza kwa upole halafu unazimwa. Transfoma ya elektroniki ina kapasita mlangoni, kile kidude kinachohifadhi umeme kidogo, ukiirushia umeme wa ghafla mara 100 kwa sekunde inapiga kelele, ule ndo wimbo wa mbu niliousikia, na inachemka mpaka inakufa. Kwahiyo nyepesi inataka dima inayokata mwisho. Nzito inataka dima inayokata mwanzo, ukiipa ile nyingine zile koili zinarudisha kishindo cha umeme kila dima inapozima na dima ndo inayokufa.

Utajuaje dima ni ya aina gani? Angalia herufi zilizoandikwa mgongoni. R maana yake balbu za kawaida, L ni koili, C ni kapasita. Ikiandikwa R,L hiyo ni ya transfoma nzito. R,C ni ya nyepesi. R,L,C inakubali zote na bei yake utaisikia. Kama haina herufi yoyote, chukulia ni ya balbu za kawaida tu na usiisogeze karibu na transfoma, muuzaji akikuambia "inafanya kazi zote" mwambie aifunge hapohapo dukani aishushe mpaka chini usikilize.

Kwa jukwaani mimi nimehamia kwenye zile nzito kabisa, nazinunua kwa mafundi wanaobomoa mitambo ya zamani, maana dima paki zetu karibu zote ni za kukata mwanzo. Ila nazo zina ugonjwa wao. Dima paki imetengenezwa kwa taa za wati 500 au 1000, ukiiwekea kitaa kimoja cha wati 50 haishiki vizuri, inaweza kukata upande mmoja wa wimbi na kuuruka mwingine. Balbu ya kawaida haijali, lakini transfoma ya chuma ikipata wimbi la upande mmoja chuma kinashiba sumaku, inanguruma kama jenereta na koili inaungua. Dawa ni kuongeza mzigo: chaneli hiyohiyo chomeka na parkani ya halojeni au balbu mbili za zamani za wati 100, zifiche nyuma ya jukwaa zikitazama ukuta, mbali na nguo za watu. Zinakula umeme bure ndio, lakini dima inapata kitu cha kushika. Usitumie pasi kama nilivyoona mtu mmoja akifanya, pasi ina kikatio chake, ikishapata joto inajizima na mzigo wako umeondoka.

Na kila transfoma iwe na fyuzi yake upande wa 230. Ya wati 60 inavuta kama robo ampea, kwahiyo fyuzi ya miliampea 500 aina ya T, ile inayochelewa kukatika, inatosha, ile ya haraka itakatika kila unapowasha. Hii sio mapambo. Balbu ikiungua katikati ya onyesho transfoma inabaki haina mzigo huku bado iko kwenye dima, na hapo ndo zinapochemka zaidi wala hakuna anayeona kwasababu taa imezima.

Swali lingine linalokuja sana ni dima ikae wapi. Upande wa 230, kabla ya transfoma, siku zote kama unatumia transfoma. Na transfoma ikae karibu na taa, sio karibu na wewe. Taa sita za wati 50 ni wati 300, upande wa 230 hiyo ni ampea 1.3, waya wowote wa kawaida unabeba. Upande wa 12 ni ampea 25! Watu wanasikia volti 12 wanaona ni kitu cha kitoto, haikurushi kweli, lakini inayeyusha waya mwembamba na kuwasha pazia bila sakiti breka kushtuka. Halafu kuna kupotea njiani. Waya wa mm 1.5 ukiuvuta mita 10, taa moja tu ya wati 50 inapoteza karibu volti 1 nzima, na volti 1 kutoka 12 inakupunguzia karibu robo ya mwanga. Za elektroniki ndo usivute kabisa, mita 2 mwisho, na usijisumbue kuzipima kwa mita ya kawaida maana inadanganya, haijatengenezwa kwa umeme wa kasi ile. Hata upande wa dima mita ya bei rahisi inasoma uongo, inataka zile zilizoandikwa true RMS.

Transfoma moja kubwa ya kulisha taa nyingi siipendi. Moja ikiungua volti za waliobaki zinapanda kidogo, na balbu hizi ukizizidishia hata asilimia 5 tu maisha yake yanakatika karibu nusu. Kitransfoma kidogo kwa kila taa, mambo yakiharibika yanaharibika peke yake.

Kuna njia ya wazee ya kuepuka transfoma kabisa, unafunga balbu 20 za volti 12 mfululizo, moja baada ya nyingine kama mkufu, kwenye 240. Kila moja inapata 12 yake, dima yoyote inakubali kwasababu hakuna koili wala kapasita, na zikipangwa mbele ya jukwaa zikimulika juu ni nzuri ajabu, za wati 20 ndo tamu, jumla wati 400. Lazima zote ziwe wati sawa. Moja ikifa zote zinazima na unatafuta marehemu balbu moja moja kwa mita ya kupimia, umeme ukiwa umechomolewa, narudia, umechomolewa, kwasababu ile holda yenye balbu iliyoungua inakuwa na 240 nzima inakusubiri uingize kidole. Hizo holda na waya zote zifungwe kama za 230, ndani ya boksi la bati lenye ethi, na kama hujawahi kufunga umeme wa nyumba mwite anayejua.

Sehemu zisizo na umeme au za jenereta linaloyumba, betri ya gari inafanya kazi vizuri kuliko unavyofikiri. Halojeni haina ubishi, inakubali umeme wa betri, na dima yake ni kale kadude ka kuendeshea mistari ya LED kanakopokea DMX, ile lugha ya meza ya taa za jukwaani, kanazima na kuwasha haraka haraka mno jicho halioni. Hapo unafifisha upande wa 12 kwasababu transfoma haipo. Inashuka kimya kabisa, laini, hakuna mbu wala mngurumo, kwa kweli ni njia ninayoipenda kuliko zote. Ila uzi wa balbu ukiwa baridi unavuta zaidi ya mara kumi ya ampea zake za kawaida kwa muda mfupi, kwahiyo chaneli ya ampea 4 usiiwekee taa ya ampea 4, weka ya 8 au zaidi, na usiwashe ghafla, panda kwa sekunde moja mbili. Nilikuwa na pawasaplai ya ampea 10, taa mbili za 50 zinaingia kwa karatasi, nikiziwasha kwa mpigo inajizima na kujiwasha kama inakohoa, nikizipandisha taratibu inazibeba bila shida. Na usiwe unachaji betri wakati wa onyesho, chaja inasukuma volti 14 na kitu, umeshajua balbu zinafanyaje zikizidishiwa.

LED za umbo la MR16? Kwa sasa ndo utakazozipata kirahisi, Ulaya halojeni za aina hii zilianza kuondolewa sokoni Septemba 2021 na inaonekana mpaka huku. Hazichemki, ni wati 5 mpaka 7 tu, sakafuni karibu na miguu ya watoto ni bora. Ila kwenye kufifisha ni bahati nasibu. Transfoma ya elektroniki iliyoandikwa 20–60W haiamki kwa wati 5, ndo ile kupepesa. Unaweza kukusanya tano kwenye transfoma moja ufikie 25, mara nyingine inakubali mara nyingine haikubali. Na hata za betri zile, LED yenye saketi yake ndani ina kapasita inayoshindana na kadude ka DMX, inashuka mpaka mahali halafu inazima pap. Nunua moja tu kwanza, iliyoandikwa inakubali dima, jaribu na vifaa vyako vilevile, ndo ununue nyingine tisa. Angalia pia ndani iwe na nukta moja ya mwanga, zenye nukta tatu nne zinampa mwigizaji vivuli vinne ukutani.

Mambo ya mkono sasa. Kioo cha halojeni usikishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaacha alama inayochemka na kupasua kioo, tumia karatasi ya boksi lake au kitambaa kikavu. Zenye kioo cha kufunika mbele hazina tatizo hilo, na chagua hizo kwa jukwaani kwasababu ya usalama pia. Nusu mita kati ya taa na pazia, isipungue. Kile kikombe cha nyuma cha kung'aa rangi rangi kimetengenezwa kipitishe joto nyuma ili mbele pabaki nafuu, kwahiyo joto lote linaingia ndani ya kopo lako, toboa matundu juu na nyuma na usiweke transfoma humohumo ndani. Kama onyesho lako lote taa ziko chini chini, baada ya watu kuondoka ziwashe full dakika kumi, halojeni inahitaji moto wa kutosha ndo ule weusi unaojipaka ndani ya kioo urudi kwenye uzi.

Ukiona balbu mpya zinakufa mfululizo sehemu moja usilaumu duka, chomoa holda uitazame. Ampea 4 zikipita kwenye mguu uliolegea zinaunguza, vile vitundu vinakuwa vyeusi, na kila balbu mpya unayoweka inakutana na luzi ileile. Tupa holda, weka ya udongo mweupe, sio ya plastiki, na ukiwa unanunua balbu kumi nunua na holda tatu za akiba.